Salamu ya Wenye Pikipiki Barabarani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilikaa steji ya Kondele, Kisumu, miaka sita nikibeba abiria. Siku hizi napeleka vipuri Nakuru kwa pikipiki, safari ya karibu kilomita 180 kwenda tu. Vijana wanaonijia niwafundishe kuendesha humaliza maswali ya klachi na gia kwa siku mbili. Ya salamu hayaishi. Haya ndiyo wanayoniuliza sana.

Kwani ni kweli wenye pikipiki husalimiana hata kama hawajuani?

Kweli kabisa, ila si kila mahali. Toka Kisumu asubuhi, pita Nyamasaria, Ahero na Awasi, kisha anza kupanda kuelekea Kericho. Nyumba zikipungua, utaona pikipiki inakuja upande wa pili. Mwenyewe anainamisha kichwa kidogo, au taa yake inamulika mara moja, au kidole kimoja kinanyanyuka juu ya klachi. Hakujui, na huenda msionane tena. Alichokuambia ni "nimekuona".

Kwangu mimi salamu hii haina maana nyingine kubwa kuliko hiyo. Muulize dereva yeyote aliyemgonga mwenye pikipiki, jibu huwa lile lile: "Sikumwona." Katikati ya trela, basi na matatu, sisi ni kitu chembamba ambacho jicho la dereva hukipita likitafuta gari. Mwenye magurudumu mawili humwona mwenzake mapema kwa sababu anajua cha kutafuta, na akishakuona anakujulisha.

Nitumie mkono gani?

Hapa ndipo watu huchanganyikiwa, na wana haki.

Sisi Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo mwenzako anakuja kuliani kwako. Kiungwana ungemwinulia mkono wa kulia. Lakini mkono wa kulia ndio ulioshika mafuta, na ndio wenye breki ya mbele. Ukiuachilia, pikipiki inapoteza mwendo, na kama ng'ombe atajitokeza sekunde hiyo, breki yako yenye nguvu zaidi haina mtu. Mkono ulio huru ni wa kushoto, maana klachi huihitaji mpaka ubadilishe gia.

Sasa njoo kwenye adabu. Huku kwetu mtu hasalimiwi kwa mkono wa kushoto. Mtoto akimpa mgeni kikombe kwa kushoto anakemewa papo hapo, awe ni wa Siaya, Vihiga au Njoro. Kuna mzee mmoja wa Luanda, jirani ya mamangu, ambaye nilimpungia mkono wa kushoto nikipita. Jioni yake alikuja nyumbani kuuliza amenikosea nini. Ilibidi nimwonyeshe pikipiki, nimweleze mafuta yako wapi na breki iko wapi. Alisikiliza vizuri, halafu akasema, "Basi tumia kichwa, mwanangu. Mungu alikupa."

Tangu hapo natumia kichwa, nami nakushauri hivyo hivyo. Mikono yote miwili inabaki kwenye usukani, hakuna anayetukanwa, na helmeti inayoinama huonekana mbali kuliko vidole. Ukiona lazima utumie mkono, nyanyua vidole viwili vya kushoto pale pale kwenye klachi bila kuuachilia mpini. Na ukimpita mzee anayekufahamu, piga honi kidogo, inamisha kichwa, endelea. Hatakuja kwenu jioni.

(Wenye zile Honda ndogo za zamani, Super Cub zilizoanza kutengenezwa Japani mwaka 1958, hawana shida hii. Hazina mkono wa klachi, kwa hiyo kushoto kwao ni huru kabisa. Bado adabu ni ile ile.)

Kuna mahali sifai kusalimu hata kidogo?

Pako, na ni pengi. Fanya hesabu. Ukienda kilomita 80 kwa saa, unapita karibu mita 22 kila sekunde. Mwenzako naye akija kwa mwendo huo huo, mnakaribiana kwa mita 44 kila sekunde. Mkionana mkiwa mita 200, mna sekunde nne na kidogo mpaka mpishane. Ukitumia moja kuangalia uso wake ndani ya helmeti, ni mita 22 ambazo hukuangalia shimo.

Kwa hivyo usisalimu kwenye kona, kwenye matuta, kwenye kokoto, wala unapoovateki. Usisalimu ukipishana na trela. Upepo wake hukusukuma kwanza kisha hukuvuta, na lazima ushike usukani kwa mikono yote. Ule mteremko wa kutoka Mau Summit kupitia Sachang'wan hadi Salgaa, mimi simsalimu mtu hata akiwa ndugu yangu wa tumbo moja. Macho yangu yako kwenye kioo cha nyuma, maana malori huteremka pale breki zikiwa zimechoka.

Uwanda wa Ahero nao una upepo wa ubavu mchana, hasa mvua ikikaribia. Hapo kichwa tu.

Nani anapaswa kuanza?

Barabarani anayekuona kwanza ndiye anayeanza, basi. Lakini kuna kipimo kizuri nilichokipata kwa mzee mmoja Mnubi wa Kibos. Aliniambia mafundisho ya Uislamu yalishapanga jambo hili zamani: aliyepanda kipando humsalimu anayetembea, anayetembea humsalimu aliyeketi, na wachache huwasalimu wengi. Mimi ni Mwanglikana, lakini nimeona huo mpango unafaa pikipiki kama uliandikiwa sisi. Ukiwa peke yako ukakutana na msafara wa pikipiki kumi, salimu wewe, usingoje kumi waanze. Ukilipita steji watu wameketi, salimu wewe uliye juu ya kipando.

Mbona mjini hakuna anayenisalimu?

Utasalimu wangapi? Kutoka Kondele hadi Kibuye asubuhi ya soko utapishana na pikipiki nyingi kiasi kwamba kichwa kitachoka kabla hujafika. Nakuru ni vivyo hivyo, jaribu kupita Kenyatta Avenue saa kumi na moja jioni. Salamu ya barabarani inahitaji upweke kidogo ndipo iwe na maana.

Mjini salamu huhamia steji na kwenye foleni. Taa zikiwashika wawili sambamba, mtagonganisha ngumi, ile tunayoita gota, na mtaulizana biashara ikoje. Kisumu utasikia "Omera!", ukielekea Kakamega ni "Mulembe!", na ukipanda Londiani ni "Chamgei!" Jifunze zote tatu, hazilipiwi, na siku mnyororo ukikatika ugenini zitakufaa kuliko spana.

Wale wa pikipiki kubwa wanaotoka Nairobi wikendi, nao husalimia bodaboda?

Baadhi yao. Utawaona Jumamosi wakipanda kutoka Nakuru wakiwa kumi na watano, majaketi ya ngozi, injini zikinguruma. Wengine hupita kama hatupo. Nilikuwa naudhika. Kisha siku moja nikakaa nao kwenye kituo cha mafuta Mau Summit wakati ukungu umefunga, na mmoja akaniuliza kwa nini bodaboda hawarudishi salamu. Kumbe yeye hunyoosha mkono wa kushoto chini, vidole viwili, kama alivyojifunza kutazama video za Marekani. Kwetu mkono uliolegea chini pembeni ya pikipiki hauonekani kama salamu, unaonekana kama mtu anayeonyesha shimo au tairi lililoisha upepo! Nilikiri kwamba mara mbili nimesimama kukagua gurudumu langu.

Alicheka mpaka akamwaga chai. Nilimwambia atumie kichwa.

Boxer yangu ya 150 na pikipiki yake ya bei ya shamba huteleza kwenye lami ile ile iliyomwagika dizeli. Anayebagua salamu kwa ukubwa wa injini hajaanguka bado.

Huko ng'ambo husalimianaje, na mbona ni tofauti?

Sababu kubwa ni upande wa barabara. Marekani na Ufaransa wanaendesha kulia, kwa hiyo mwenzao anakuja kushotoni, upande wa mkono ulio huru. Kwao kunyoosha mkono wa kushoto ni rahisi na unaonekana. Uingereza wanaendesha kushoto kama sisi, na ndiyo maana wengi wao huinamisha kichwa. Wafaransa wana jingine: gari likiwapisha, hunyoosha mguu wa kulia pembeni kushukuru, kwa kuwa gari hilo liko kuliani kwao na mkono wa kulia una kazi.

Usiuige mguu huo hapa. Mtu aliye nyuma yako atadhani unaanguka.

Nani alianzisha desturi hii?

Wamarekani husimulia kwamba William Harley na Arthur Davidson walipungiana mikono wakipishana mwaka 1904, mtu akawaona akadhani ndiyo sheria. Ni hadithi tamu ya kunywea chai, nami naichukulia hivyo. Watu waliosafiri kwa punda na farasi walikuwa wakisalimiana njiani kabla injini haijazaliwa.

Kuhusu vidole viwili, wazee wetu wana historia yao. Miaka ya 1991 na 1992, vidole viwili hapa Kenya vilikuwa ishara ya wanaodai vyama vingi, na kidole kimoja kilikuwa cha KANU, chama kilichokuwa kikitawala. Mjomba wangu wa Bungoma hata leo akionyeshwa vidole viwili na mwenye pikipiki hujibu kwa shangwe isiyolingana na salamu.

Mtu akinimulikia taa, anasalimu au ananionya?

Swali zuri kuliko yote, kwa sababu ukilijibu vibaya unaweza kuumia.

Mmuliko mmoja mfupi mchana, barabara ikiwa nyeupe, ni salamu. Swichi yenyewe iko kwenye kidole gumba cha kushoto, hata mkono hauondoki. Rudisha mmoja, kwisha.

Mimuliko miwili au mitatu ya haraka, hasa kama anayemulika ana uso mkavu na anapunguza mwendo, ni onyo: mbele kuna jambo. Linaweza kuwa ng'ombe, ajali, mafuta yaliyomwagika, au trela limezimika kwenye kona. Punguza mwendo kwanza, utajua baadaye ni nini. Akiongeza kiganja kinachosukuma chini, maana yake ni "polepole". Akielekeza kidole barabarani au akanyoosha mguu, kuna shimo au kitu kimelala njiani. Akifungua na kufunga vidole kama mdomo wa bata, umeacha indiketa ikiwaka, nawe tayari umewadanganya watu kilomita tano. Akionyesha chini ya mguu wako wa kushoto, stendi haijakunjwa. Huyo mshukuru, maana stendi ikigusa lami kwenye kona ya kushoto inakutupa.

Usiku mambo hubadilika. Anayekumulikia usiku mara nyingi anakuomba ushushe taa zako. Zishushe. Salamu za usiku sitoi wala sipokei.

Halafu kuna mmuliko wa kusema karao, yaani polisi, wako mbele. Najua kila mtu hufanya. Mimi niliacha, kwa sababu sikujua ninamwonya nani. Anaweza kuwa kijana asiye na helmeti, na anaweza kuwa mtu aliyemnyang'anya mwenzetu pikipiki nusu saa iliyopita. Ukiwa na leseni, bima, helmeti, jaketi la kung'aa na abiria mmoja kama sheria inavyotaka, onyo hilo halikusaidii chochote.

Nikiona pikipiki imesimama kando, salamu inatosha?

Hapana, na nina kisa changu mwenyewe.

Tairi la nyuma lilipasuka kati ya Awasi na Ahero, saa saba mchana, jua la kukaanga omena. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo nikitafuta namba ya fundi. Wa kwanza alipita akanitazama akainua kidole gumba. Nami kwa mazoea nikainua changu. Akaenda. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tano alipopita ndipo nilipogundua ninachofanya: walikuwa wananiuliza kama niko sawa, nami nilikuwa nawajibu niko sawa kabisa, asanteni, endeleeni! Saa nzima nilijiloga mwenyewe kwa kidole gumba.

Kwa hivyo kidole gumba kwa aliyesimama ni swali. Kama una shida, kitikise kiganja au vuka mikono juu ya kichwa. Kama huna, ndipo uinue gumba. Na kama pikipiki imezimikia mahali pabaya, usisahau desturi yetu ya matawi: kata majani, yatandaze barabarani hatua kadhaa nyuma yako. Kila dereva wa Kenya anaisoma hiyo hata kama hajui kusoma.

Wewe unayepita, punguza, uliza. Kama ni usiku na mahali penyewe hupajui, usisimame peke yako. Fika steji inayofuata uwaambie, watarudi wawili watatu. Wapo waliowekewa mtego kwa pikipiki iliyolala chini, nami sitamlaumu mtu kwa kuogopa.

Aliyenisaidia siku ile, kwa njia, hakuwa hata na pikipiki. Alikuwa mzee wa baiskeli aliyebeba gunia la mchele wa Ahero. Alitoa viraka na gundi mfukoni.

Nikikutana na msafara wa mazishi wa bodaboda nifanye nini?

Ukiendesha magharibi mwa Kenya, utakutana nao. Gari la maiti limetangulia au limezungukwa, pikipiki ishirini au hamsini, taa zinawaka mchana, matawi mabichi yamefungwa usukanini, honi na injini zinapiga kelele. Mgeni hudhani ni fujo. Kwa Waluo kuna desturi ya mazishi iitwayo tero buru, ambapo wanaume waliswaga ng'ombe kwa kishindo kukifukuza kifo kutoka bomani. Ukiyajua hayo, ngurumo za injini hazitakushangaza.

Usipige honi ya salamu. Usipite katikati yao. Vuta kando, simama, acha taa ikiwaka, na kama unaweza funua kioo cha helmeti ili uso uonekane. Wa mwisho wa msafara kwa kawaida hukuinulia mkono kukushukuru. Rudisha, ngoja wapite wote.

Pale Londiani, kwenye makutano ambako lori liliua watu zaidi ya 50 jioni ya tarehe 30 Juni 2023, wakiwemo waliokuwa wakisubiri abiria na wachuuzi wa kando ya barabara, mimi hupunguza mwendo na kuinamisha kichwa kila ninapopita. Hakuna aliyenifundisha. Nimeona wengine wawili wakifanya hivyo, nao pengine hawakufundishwa.

Honi je, si salamu?

Kwa mtu unayemjua, moja fupi. Kwa usiyemjua, hapana. Honi kazi yake ni kuonya, na ukiitumia kwa kila mtu, siku utakapoonya kweli atakupungia mkono.

Nikiwa na abiria?

Abiria asalimu, ana mikono miwili. Mimi huwaambia mapema: "Mama, ukiona mwenzangu anainamisha kichwa, mpungie." Wengi hufurahia kupewa kazi. Lakini usimgeukie kumweleza wakati pikipiki inaenda.

Mwendeshaji akiwa mwanamke?

Kichwa, kama kwa yeyote. Miluzi, honi ndefu na kumfuata kando kando si salamu. Dada mmoja wa steji ya Kiamunyi aliniambia huwa hajibu mtu kwa sababu hiyo, nami nikamwelewa.

Nimesalimu na hakujibu. Amenidharau?

Alikuwa anabadilisha gia.

Waendesha baiskeli wamo katika salamu hii?

Wamo, tena wao ni wakubwa zetu. Jina bodaboda lenyewe lilitokana na baiskeli za mpakani, Busia na Malaba, zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kutoka kituo cha Kenya hadi cha Uganda. Pikipiki zilikuja baadaye zikachukua jina na abiria. Barabara ya Kisumu kwenda Busia, ukishapita Maseno palipo alama ya ikweta, bado utawakuta wazee na baiskeli zao, kreti za soda nyuma, wakipanda kilima kwa miguu wakizisukuma. Wapishe mbali, mita moja na nusu kama unaweza, na usiwapigie honi kisogoni. Mmoja wao, wa Ugunja, tumezoeana. Yeye hupiga kengele, mimi huinamisha kichwa, na kila mmoja anaendelea na mzigo wake.